Soma Namba Kabla ya Kushika Spana

Leo nataka tuzungumze kuhusu mashine ambayo wengi wetu hatukukua nayo. Sisi tulifyeka kwa fyekeo, kwa panga, au tuliwaachia mbuzi kazi hiyo. Lakini wapo ndugu zetu waliohamia Marekani, wakanunua nyumba yenye uwanja mpana wa nyasi, na ukifika mwezi wa nne nyasi zinapanda kwa kasi wasiyoitarajia. Miji mingi kule ina sheria ndogo ya urefu wa nyasi: zikizidi, unaletewa onyo, na ukilipuuza unatozwa faini. Mashine mpya ya kukata nyasi, ile unayoikalia na kuiendesha kama trekta dogo, bei yake ni maelfu ya dola. Kisha siku moja jirani mzee anakwambia, njoo uchukue kitrekta changu kilicho bandani, nipe chochote.

Unakwenda, unakikuta kitrekta cha miaka ya 1960 au 1970. Kimefunikwa vumbi, tairi zimelala, kiti kimechanika. Unakipakia, unakifikisha nyumbani, unazungusha ufunguo, kimya. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Wananunua plagi yoyote, mkanda wowote, kabureta yoyote iliyofanana kwa macho, wanafungua hapa na pale, na mwisho wa mwezi wametumia fedha nyingi na mashine iko palepale.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: kabla hujashika spana, soma namba. Mashine ya zamani imeandikwa jina lake, ukoo wake na mara nyingi siku yake ya kuzaliwa kwenye chuma. Ukijua ni nani, utajua inataka nini. Usipojua, unabahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoziua mashine hizi nzuri.

Na ni nzuri kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walihamia kwa wingi vitongojini, kila nyumba na uwanja wake, na soko la mashine hizi likapanuka. Mwaka 1946, katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, Elmer Pond alianza kutengeneza vitrekta vidogo, na kampuni yake ikaja kujulikana kwa jina la Wheel Horse, vile vyekundu. Mwaka 1961 International Harvester, kampuni kubwa ya matrekta ya shamba, ikatoa Cub Cadet ya kwanza, ya njano na nyeupe, yenye gia zilizotokana na trekta la shamba liitwalo Farmall Cub. Mwaka 1963 John Deere nao wakatoa modeli yao 110 kutoka kiwanda cha Horicon, Wisconsin. Waliobuni mashine hizi walikuwa watu wa matrekta, na walifikiri kwa akili ya trekta: bamba nene, bolti badala ya kubana kwa plastiki, na kila kinachochakaa kiweze kufunguliwa na mwenyewe kwa spana za kawaida. Ndiyo maana zingine bado zinakata nyasi leo baada ya nusu karne.

Sasa, utaitambuaje? Watu huanza na rangi na jina lililoandikwa kwenye boneti. Si vibaya kuanza hapo, lakini usiishie hapo. Rangi hupakwa upya, boneti hubadilishwa, na jina la boneti mara nyingi ni la muuzaji, si la mtengenezaji. Mfano mzuri ni Craftsman, jina lililokuwa la maduka ya Sears. Sears hawakuwa na kiwanda chao cha vitrekta, walitengenezewa na viwanda mbalimbali. Siri iko kwenye namba ya modeli: tarakimu tatu za mwanzo, zile zinazokuja kabla ya nukta, zinataja kiwanda. Ukiona 917, hicho kilitoka kwa Roper na warithi wake. Ukiona 502, ni Murray. Ukiona 247, ni MTD. Kwa hiyo wawili wenye Craftsman wanaofanana rangi wanaweza kuwa na mashine za viwanda viwili tofauti, na kipuri cha huyu kisimwingie yule.

Namba hiyo utaipata wapi? Inua kiti utazame chini yake. Tazama fremu karibu na tairi za nyuma, chini ya usukani, na upande wa ndani wa boneti. Ukikuta kibati kimejaa uchafu, usikikwangue kwa bisibisi. Loweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, pangusa taratibu, acha kikauke. Kama maandishi yamefifia, sugua chaki nyeupe juu yake kisha pitisha kidole: chaki itabaki ndani ya mikwaruzo ya herufi na namba itajitokeza. Piga picha kwa simu, kisha iandike kwenye daftari. Picha hupotea, na waliotutangulia walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo umemaliza nusu. Nusu ya pili ni injini, kwa sababu kitrekta kina vitambulisho viwili. Aliyetengeneza fremu kwa kawaida si aliyetengeneza injini. Na katika miaka hamsini, injini ya kwanza huenda ilikwisha kufa, na mtu akafunga nyingine. Unaweza kuwa na fremu ya 1966 na injini ya 1984. Ukiagiza plagi au gasketi kwa kufuata mwaka wa fremu, utaletewa kitu kisichokaa. Vipuri vya mwendo, breki na visu agiza kwa namba ya fremu. Vipuri vya injini agiza kwa namba ya injini. Lishike hilo, litakuokolea fedha.

Tuchukue injini ya Briggs & Stratton, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1908, maana huenda ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Juu ya bati linalofunika feni, utakuta mafungu matatu ya namba yamegongwa kwenye chuma: modeli, aina, na msimbo. Tuseme modeli inasomeka 190707. Tarakimu mbili za kwanza, 19, ni ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo, yaani zaidi kidogo ya sentimita za ujazo 310. Hiyo ni injini ya nguvu farasi 8. Sifuri inayofuata ni toleo la muundo. Saba ya kwanza inakwambia krenki shafti imesimama wima na kabureta ni ya aina wanayoiita Flo-Jet. Kama pale pangekuwa na 4, krenki shafti ingekuwa imelala. Sifuri nyingine inahusu beringi. Saba ya mwisho inasema inawashwa kwa umeme wa volti 12 na ina altaneta yake. Angalia ni mengi kiasi gani umeyajua bila kufungua nati hata moja! Kisha tazama msimbo. Ukianza na 780315, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, na mbili nyingine ni siku: injini hii iliundwa tarehe 15 Machi 1978.

Wakati mwingine umbo nalo linasema. John Deere 110 za kuanzia 1963 hadi 1967 zina madigadi ya nyuma ya mviringo. Kuanzia 1968 madigadi yakawa bapa. Zile za mwaka wa kwanza zilikuja na injini ya kampuni ya Kohler ya nguvu farasi 7, na mwaka uliofuata ikapanda kuwa 8.

Nimeitaja 110 kwa sababu kuna habari ya kweli inayoihusu familia hiyo ya mashine, na kila nikiikumbuka naiheshimu zaidi kazi ya mafundi wa zamani. Mwaka 1994, mzee mmoja wa Laurens, jimbo la Iowa, aitwaye Alvin Straight, umri wake miaka 73, alisikia kaka yake Henry amepatwa na kiharusi. Henry alikuwa akiishi jimbo la Wisconsin, umbali wa maili 240 hivi, karibu kilomita 386. Mzee Alvin macho yalikuwa yamepungua nguvu, hakuwa na leseni ya gari. Basi akafunga tela nyuma ya mashine ya kukata nyasi ya John Deere ya mwaka 1966, akashika barabara. Safari ilimchukua wiki sita. Mashine ilimharibikia njiani, ikatengenezwa hukohuko njiani, na mzee akafika kwa kaka yake. Mwaka 1999 David Lynch aliitengenezea filamu safari hiyo, iitwayo The Straight Story. Mashine ile ilikuwa na umri wa miaka 28 siku mzee alipoondoka. Iliweza kumfikisha kwa sababu ilikuwa mashine inayotengenezeka: ikisimama, fundi wa mji mdogo anaweza kuifungua, kuielewa na kuirudisha barabarani.

Haya, tuje kwenye matunzo. Nitayapanga kwa namna ambayo mashine hizi hufa, nikianza na kinachoua zaidi.

Kwanza, joto. Injini hizi hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na upepo wa feni iliyo kwenye flaiwili, unaopita katikati ya mapezi ya chuma yanayozunguka silinda. Mapezi hayo yamefichwa chini ya bati, na kwa kuwa hayaonekani, hayasafishwi. Nyasi kavu hujaa humo, na majira ya baridi panya hujenga kiota humo. Injini inawaka vizuri, mwenyewe anafurahi, kumbe ndani inaungua. Kwa hiyo mashine yoyote ya zamani uliyoipata, kabla hujaiwasha, fungua bolti za bati lile, litoe, na usafishe mapezi yote kwa brashi na kijiti cha mbao mpaka uone chuma. Kisha rudisha bati mahali pake, maana bila bati upepo unatawanyika na haupozi kitu. Na unapokata nyasi, vuta mafuta mpaka mwendo kamili wa injini. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia, kumbe wanapunguza kasi ya feni na wanaipasha moto.

Pili, oili. Tazama Kohler zile ndogo za wakati huo, kama K161 na K181. Hazina pampu ya oili wala filta ya oili. Chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki shafti, kuna kijiko kidogo cha chuma, kila mzunguko kinachota oili na kuirusha juu. Fikiria maana yake. Oili ikipungua, kijiko hakifikii, na konrodi inakatika. Ukiendesha kwenye mteremko mkali, oili inakimbilia upande mmoja na kijiko kinachota hewa. Na kwa kuwa hakuna filta, uchafu wote unabaki ndani mpaka wewe uumwage. Pima oili kila siku ya kazi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Badilisha kila baada ya saa 25 za kazi, injini ikiwa bado na moto ili uchafu utoke nayo. Wakati wa joto tumia SAE 30 ya kawaida. Injini hizi zilibuniwa kwa hiyo, na zile oili nyepesi za magari ya kisasa huungua upesi zaidi humo.

Tatu, mafuta. Petroli ya Marekani siku hizi huwa na ethanoli, mara nyingi hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani na huila mipira ya zamani. Petroli ikikaa miezi kadhaa hugeuka utomvu na kuziba matundu madogo ya kabureta. Mashine iliyolala bandani usiiwashe na mafuta uliyoikuta nayo. Mwaga yote, osha tangi, badilisha paipu ya mafuta na filta yake, fungua bakuli la kabureta ulisafishe. Na wewe mwenyewe, kabla ya baridi kuingia, maliza mafuta au yamwage.

Nne, moto wa plagi. Injini za kabla ya miaka ya 1980 nyingi zinatumia platini, vile vidole viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme. Mashine ikilala muda mrefu, platini huota utando na cheche hupotea. Mtu asiyejua ananunua koili mpya. Kwenye Kohler za familia ya K, platini ziko nje, ubavuni mwa injini, chini ya kifuniko kidogo. Kifungue, pitisha tupa laini kati ya vidole, futa kwa karatasi safi isiyo na mafuta. Kisha zungusha injini kwa mkono mpaka vidole vifunguke kabisa, pima nafasi kwa fila geji: nusu milimita, au kwa vipimo vyao inchi 0.020. Kaza skrubu, pima tena, kwa sababu skrubu ikikazwa huwa inasogeza. Kwenye Briggs za zamani platini ziko chini ya flaiwili. Hapo unahitaji kifaa cha kuivulia. Usiigonge kwa nyundo, ikipata ufa inaweza kupasuka ikiwa kwenye mwendo.

Tano, mikanda. Mkanda wa gari unaweza kulingana urefu na bado usifae. Kwenye vitrekta vingi, mkanda ndio klachi: unalegezwa na kukazwa, unateleza kisha unashika, mara nyingi kwa siku. Mkanda uliotengenezwa kwa kazi hiyo una kitambaa cha nje kinachoruhusu kuteleza bila kuungua. Rudi kwenye namba ya fremu, agiza unaostahili.

Sita, visu na kasha lake. Ukiona ncha za nyasi zimekuwa kahawia siku moja au mbili baada ya kukata, kisu hakikati, kinararua. Kivue, kinoe kwa kufuata mlalo wake wa kiwandani, kisha kitundike kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoinama ni mzito, punguza huo mpaka kitulie sawasawa. Kisu kisicho na uwiano hutikisa na kuua beringi za spindo, yaani mihimili inayozungusha visu. Spindo zenyewe zitie grisi kwenye chuchu zake. Na ukimaliza kazi, kwangua nyasi mbichi zilizoganda chini ya kasha, kwa sababu unyevu wake ndio unaokula bati mpaka kutoboka.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili la mwisho, maana linahusu viungo vya mwili na maisha ya watoto. Vitrekta vingi vya zamani havina swichi ya kiti, ile inayozima injini dereva akiinuka. Ukishuka, kisu kinaendelea kuzunguka. Kwa hiyo mazoea yako ndiyo ulinzi wako: tenganisha kisu, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, ndipo ushuke. Kabla ya kugusa chochote chini ya kasha, vua waya wa plagi uuweke mbali, kwa sababu kuzungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Usimpakate mtoto hata kidogo, hata kwa mzunguko mmoja wa kumfurahisha. Kabla ya kurudi nyuma, geuka uangalie. Kwenye mteremko panda na kushuka moja kwa moja, usikate kwa ubavu, na mteremko ukiwa mkali uache, ukate kwa mashine ya kusukuma. Usitie petroli injini ikiwa moto.

Msikilizaji, kuna watakaokuuliza kwa nini ujisumbue na chuma cha zamani. Hesabu ya fedha ipo, na kwa familia inayoanza maisha ugenini si ndogo. Lakini mimi naliona jambo kubwa zaidi. Kwetu Afrika Mashariki tunajua thamani ya fundi anayeweza kufufua kitu. Tumelelewa na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, watu ambao hawatupi kitu kabla hawajakielewa. Ujuzi huo tunauacha tukivuka bahari, tunajifunza kununua na kutupa. Kitrekta cha 1966 ni darasa zima la ufundi: silinda moja, platini, kabureta moja, mkanda, gia, vyote vinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Mtoto wa miaka 14 aliyesimama karibu nawe wakati unapima platini ataelewa injini kwa namna ambayo gari lako jipya haliwezi kumfundisha.

Basi wiki hii fanya jambo moja tu. Nenda ilipo mashine yako, na kitambaa, mafuta ya taa kidogo, chaki na daftari. Tafuta namba ya fremu, tafuta namba ya injini, ziandike zote mbili na tarehe ya leo chini yake. Kwa namba hizo tafuta kitabu cha mashine hiyo. Vingi vya miaka hiyo bado vinapatikana. Kila oili utakayobadilisha, kila mkanda utakaoagiza, uandike kwenye daftari lako. Ukifanya hivyo, hutahitaji kubahatisha tena, na atakayeirithi mashine hiyo baada yako hatahitaji kubahatisha pia.

Nakutakia kazi njema na mikono salama.